Rimoti Imehamia Kwenye Kompyuta: Nani Anaiamuru Televisheni Yako?

Kina mama wengi tumegombana na rimoti kuliko tulivyogombana na watoto wenyewe. Mara imezama katikati ya mito ya kochi, mara mtoto ametoa betri akazitia kwenye gari lake la kuchezea, mara baba ameikalia bila habari huku nyumba nzima ikiitafuta. Siku hizi ziko nyumba ambamo rimoti inaweza kupotea wiki nzima na televisheni ikaendelea kupokea amri kama kawaida, kwa sababu kompyuta iliyo juu ya meza chumbani inafanya kazi ile ile. Mama anabonyeza huku, picha inabadilika kule sebuleni.

Jambo hili ni jema, nalo halihitaji fundi wala kifaa cha bei kubwa. Lakini lina upande ambao muuzaji wa dukani hakuelezi unapolipia. Televisheni iliyoingizwa katika mtandao wa nyumbani haimjui mama wala baba. Humtii karibu kila aliye ndani ya mtandao huo. Kwa hiyo, kabla ya kuifurahia, yafaa mama mwenye nyumba aelewe amri hizi zinapita wapi, ni nani awezaye kuzitoa, na mlango upi ufungwe.

Zamani ilibidi uwe sebuleni

Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iliyoitwa Lazy Bones, jina la kumtania mvivu. Iliunganishwa na televisheni kwa waya mrefu uliolala sakafuni, na watu wakawa wanajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni hiyo, Eugene Polley, akatengeneza Flash-Matic, iliyotumia mwanga kama wa tochi. Nayo ilikuwa na kituko chake: mwanga wa jua ukiingia dirishani uliweza kuichanganya televisheni. Mwaka uliofuata ikaja Space Command ya Robert Adler, ambayo ndani yake mlikuwa na vijifimbo vya alumini. Ukibonyeza, kinyundo kidogo kiligonga kijifimbo na kutoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la mtu mzima. Haikuhitaji betri kabisa, jambo ambalo mama yeyote wa leo angelipenda! Katika miaka ya 1980 ikaenea hii tuliyoizoea, itumayo mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho.

Zote hizo zilifanana kwa jambo moja. Mwenye kutoa amri alikuwa chumba kimoja na televisheni, watu wakimwona. Infraredi haipiti ukutani. Mtoto akibadili stesheni ulimjua papo hapo, na rimoti ikiwa mfukoni mwako hakuna aliyeweza kufanya lolote ila kwenda kubonyeza vitufe vya televisheni yenyewe. Televisheni janja, au smati kama wauzaji wanavyoziita, zimeuvunja utaratibu huo. Amri sasa inakuja kwa waifai, nayo waifai inapita ukutani, inafika jikoni, chumba cha watoto, na mara nyingi hadi kwa jirani.

Kompyuta inapiga hodi

Tuanze na mtandao wenyewe. Ruta ni kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo ulichofungiwa na kampuni ya intaneti, au kile cha laini ya simu unachokiwekea bando mwenyewe. Kila kifaa kinachoingia kwa neno la siri la waifai hupewa namba yake, kwa mfano 192.168.1.15, kama nyumba za mtaani zinavyopewa namba. Simu ya baba ina yake, kompyuta ina yake, na televisheni pia ina yake. Vyote vikishapewa namba na ruta moja, vimo katika mtandao mmoja wa nyumbani, na vinaweza kuzungumza vyenyewe bila kutoka nje kwenda kwenye intaneti. Hata simu iliyofunguliwa hotspoti hufanya kazi ya ruta: ukiunganisha kompyuta na televisheni kwenye simu hiyo hiyo, umekwisha kupata mtandao mdogo wa nyumbani.

Unapotaka kutuma picha, kompyuta huuliza mtandao mzima kwa mpigo mmoja: hodi, kuna televisheni humu? Televisheni hujibu kwa kutaja jina lake na namba yake. Ndipo jina hilo linapotokea kwenye kioo cha kompyuta, nawe unalibonyeza. Mazungumzo yote haya huchukua sekunde chache tu.

Televisheni hazifanani katika kuitikia hodi hiyo. Ziko ambazo, programu ya rimoti inapozifikia mara ya kwanza, huandika ujumbe kwenye kioo chao na kuuliza kama kifaa hiki kiruhusiwe au kikataliwe. Televisheni nyingi za LG na Samsung za miaka ya karibuni hufanya hivyo, na Sony Bravia inaweza kuonyesha tarakimu nne ambazo sharti uziandike kwenye kifaa chako. Huu ni ustaarabu mzuri, maana aliye sebuleni huona ni nani anabisha. Lakini iko njia nyingine, Google Cast, iliyoingia sokoni mwaka 2013 pamoja na kifaa kidogo cha Chromecast, na leo imo tayari ndani ya televisheni za Android na Google TV. Katika njia hii kwa kawaida hakuna anayeulizwa. Aliye ndani ya waifai amekwisha karibishwa.

Namna ya kufanya

Njia rahisi kwa mama anayeanza ni kivinjari cha Chrome. Hakikisha kompyuta na televisheni vimeunganishwa kwenye waifai ile ile. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana ruta nyingi hutoa majina mawili, moja likiishia na 5G, na baadhi ya ruta hazivikutanishi vifaa vilivyoingia kwa majina tofauti. Fungua YouTube, chagua video, kisha tazama pembeni mwa vitufe vyake utaona alama ndogo ya kioo chenye mistari mitatu ya kujipinda. Bonyeza hapo, chagua jina la televisheni, nayo itaanza kucheza sebuleni. Kuanzia hapo kompyuta yako ndiyo rimoti: unasimamisha, unaendeleza, unapunguza sauti.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni katika kuandika. Yeyote aliyewahi kutafuta wimbo au mapishi kwa rimoti, akisogeza mshale herufi moja baada ya nyingine, anajua adhabu hiyo. Kwa kibodi ya kompyuta unaandika neno zima kwa pumzi moja. Bibi ambaye macho yake hayaoni vitufe vidogo vya rimoti naye anaweza kuwekewa kompyuta mezani, maandishi yakiwa makubwa kama anavyotaka.

Sasa suala la bando, ambalo kina mama tunalijua uchungu wake. Unapotuma video ya YouTube kwa njia niliyoeleza, kompyuta haibebi picha. Inatoa agizo tu, na televisheni yenyewe huenda kuichota video kwenye intaneti. Matumizi ni sawa na kama ungeifungua kwa rimoti. Lakini kama filamu imo tayari ndani ya kompyuta, tuseme video ya harusi ya mdogo wako, au ya kipaimara cha mwanao, hapo picha hutoka kwenye kompyuta, hupita kwenye ruta, huingia kwenye televisheni, bila kugusa intaneti. Saa mbili za harusi hazitakula hata MB moja ya bando lako, na familia yote itaona vizuri kuliko kubanana mbele ya kioo kidogo cha laptopu.

Kwa kompyuta za Windows, bonyeza faili hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na utafute maneno Cast to Device. Katika Windows 11 huenda ukahitaji kwanza kufungua Show more options. Yasipotokea, angalia kama umeiambia kompyuta kwamba waifai hii ni ya nyumbani, yaani Private, maana ikidhani iko mahali pa hadhara haitashirikiana na vifaa vingine. Pia si kila televisheni husoma kila aina ya faili. Zenye mwisho wa MP4 ndizo husumbua kidogo zaidi.

Njia ya tatu ni kuonyesha kioo chote cha kompyuta kwenye televisheni. Shikilia kitufe chenye alama ya Windows, gusa herufi K, na kama televisheni yako inapokea njia hiyo jina lake litatokea. Inafaa kwa mtoto anayefuata masomo, au kuonyesha picha za familia. Ila kumbuka kwamba kila kitu kitaonekana. Ujumbe wa shoga yako ukiingia wakati mama mkwe yuko sebuleni, utausoma pamoja naye. Funga kwanza programu za ujumbe.

Vipi kuhusu kuiwasha na kuizima, kubadili stesheni na kuchagua waya wa king'amuzi? Hapo watengenezaji wamewajali zaidi wenye simu kuliko wenye kompyuta. Programu zao za rimoti ni za simu. Kwa kompyuta iko programu ya bure iitwayo Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, ambayo huweza kuziamuru televisheni za LG, Samsung, Sony na nyinginezo kutoka kwenye ukurasa mmoja wa kivinjari. Lakini kuiweka kunataka subira. Kama nyumbani kuna kijana wa sekondari mwenye kupenda kompyuta, mpe yeye kazi hiyo Jumamosi, naye ataifurahia kuliko kufua soksi zake.

Kuiwasha televisheni kutoka kwenye kompyuta kunawezekana tu kama imeachwa usingizini, yaani imezimwa lakini bado ina umeme, na kama umeruhusu hivyo katika mipangilio yake. Wengi wetu huchomoa waya ukutani kila usiku kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Ni desturi nzuri, nami siwashauri muiache kwa ajili ya starehe hii. Televisheni iliyochomolewa haisikii hodi ya mtu yeyote.

Aliye ndani ya waifai

Mwezi Februari 2018 jarida la Marekani la Consumer Reports, linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, lilitangaza kwamba limezikagua televisheni janja za kampuni kadhaa. Liligundua kwamba baadhi ya zile za Samsung, na zile za TCL zinazotumia mfumo wa Roku, ziliweza kuamriwa na mtu asiyehusika: kubadili stesheni, kupandisha sauti hadi ya kupasua masikio, kufungua video asizozitaka mwenye nyumba. Roku ilijitetea kwamba njia hiyo iliachwa wazi kwa makusudi, ili wengine waweze kutengeneza rimoti zao. Na ni kweli. Mlango unaompitisha mama kutoka jikoni ni ule ule unaompitisha mgeni.

Mapema mwezi Januari 2019 jambo lilikuwa kubwa zaidi. Katika nchi mbalimbali maelfu ya watu waliona televisheni zao zikicheza zenyewe ujumbe ambao hawakuuomba: onyo kwamba kifaa chao kimeachwa wazi kwa dunia nzima, pamoja na wito wa kumfuata PewDiePie, kijana wa Sweden maarufu kwenye YouTube. Waliofanya hivyo hawakuvunja neno la siri la mtu. Ruta za nyumba hizo zilikuwa zimefungua njia kutoka nje kwa huduma iitwayo UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia mlango bila kumuuliza mwenye ruta. Kwa bahati, waliopita humo safari ile walitaka kutania na kuonya tu.

Basi, ukiingia katika mipangilio ya ruta, au ukimwita fundi wa kampuni ya intaneti, mwombe aizime UPnP kama hakuna kifaa chako kinachoihitaji. Hutapoteza chochote katika kuamuru televisheni kutoka chumbani, kwa sababu amri hizo hazitoki nje. Hili liwe jibu pia kwa mama anayetamani kuizima televisheni akiwa ofisini, apate kujua kama dada wa kazi na watoto wanatazama tamthilia badala ya kufanya kazi za shule. Mtandao wa nyumbani unaishia nyumbani. Yupo atakayekwambia kwamba anaweza kufungua njia kwenye ruta ili kompyuta ya ofisini ifike. Mkatalie. Njia hiyo ndiyo waliyopitia wale wa mwaka 2019.

Lakini kwa nyumba zetu hatari ya kila siku ni ndogo kuliko hiyo, tena iko karibu zaidi: ni neno la siri la waifai tunalolitoa kama tunavyotoa maji ya kunywa. Mgeni amekuja, amepewa. Rafiki wa mwanao, amepewa. Jirani aliyeishiwa bando mwezi wa tatu, amepewa, na bado analo. Kila mmoja wao, akifungua YouTube kwenye simu yake huku waifai yako ikimfikia, anaweza kuliona jina la televisheni yako katika orodha. Si lazima awe na nia mbaya. Kijana wa jirani anaweza kugusa jina hilo kwa kidole kilichokosea, na picha aliyokusudia kuitazama peke yake ikatokea mbele ya watoto wako wakila chakula cha jioni.

Katika nyumba za kupanga ambako mwenye nyumba amefunga intaneti moja kwa wapangaji wote, mambo huwa matamu zaidi. Unafungua orodha unakuta televisheni nne, zote zina jina moja la kiwandani, na hujui ipi ni yako. Badili jina la yako leo hii. Andika jina ambalo familia italijua, lisilotaja namba ya nyumba wala jina lenu kamili. Na kama uwezo upo, nunua ruta ndogo yako mwenyewe, iunganishwe kwa waya na intaneti ile ya mwenye nyumba, vifaa vyenu viwe ndani ya ruta hiyo pamoja na neno lake la siri.

Wageni nao wasinyimwe. Ruta nyingi zina nafasi ya kutengeneza waifai ya pili ya wageni, yenye jina lake na neno lake la siri. Aliye humo anapata intaneti, ila kwa kawaida haioni televisheni wala kompyuta. Kisha badilisha neno la siri la waifai ya familia, nawe utastaajabu ni watu wangapi watakaokuja kuuliza kwa nini intaneti imekatika.

Kupatana kabla ya kuanza

Rimoti ilipokuwa moja, ugomvi wake ulionekana. Ikiwa sasa kila simu na kila kompyuta ni rimoti, baba anaweza kuwa katikati ya taarifa ya habari na katuni ikazuka ghafla, mtoto aliyeituma akiwa kitandani kwake anacheka. Anaweza pia kuwa mama. Tusijidanganye kwamba sisi hatutaijaribu nguvu hii pale tunapoona mpira umechukua jioni nzima! Mume aliyezimiwa mpira na mkewe aliye chumbani hataona kwamba amekumbushwa saa ya kula. Ataona amedharauliwa mbele ya watoto.

Kwa hiyo zungumzeni kwanza, nyote wawili, ni vifaa vipi vitakavyoruhusiwa. Katika televisheni zile zinazouliza ruhusa, mipangilio yake ina orodha ya vifaa vilivyokubaliwa. Pitieni pamoja na mfute msivyovijua. Kwa Google TV na Android, simu za Android zilizo kwenye waifai hupata tangazo lenye vitufe vya kusimamisha kinachochezwa, hata kama hazikukituma. Tangazo hilo linaweza kufungwa katika mipangilio. Wekeni pia namba ya siri kwenye televisheni kwa ajili ya programu zisizofaa watoto, lakini mjue kwamba video inayotumwa kutoka nje ya programu hizo yaweza kuipita namba hiyo. Kizuizi cha mtoto kiwe kwenye simu na kwenye kompyuta anayotumia pia, siyo kwenye televisheni peke yake.

Kwa watoto wadogo nimeona utaratibu mmoja ukifaa zaidi ya mwingine: mama anapotaka kuizima kutoka kwenye kompyuta, awaambie kwanza kwa mdomo, dakika tano kabla. Kioo kinachokatika chenyewe humliza mtoto na hakimfundishi saa. Na yako mambo ambayo kompyuta haikuonyeshi. Itakwambia video gani inachezwa. Haitakwambia kwamba mdogo amejificha nyuma ya kochi kwa woga.

La mwisho ni kuhusu siku televisheni hii itakapoondoka nyumbani kwako, ukiiuza au ukiipeleka kijijini kwa wazazi. Ndani yake mna neno la siri la waifai yenu, akaunti ya YouTube ya familia, na orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa. Kabla ya kuifunga kwenye boksi, ingia katika mipangilio, tafuta sehemu ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, uthibitishe, na usichomoe waya mpaka iwake tena na kukuuliza lugha unayotaka kutumia.